Sauti Ndani ya Kabati la Mifagio

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu. Siku ya usaili wa jeshi la majini, jina langu liliposomwa, aliyeitikia "Yupo, afande" hakuwa mimi. Alikuwa mama, nje, dirishani. Mimi nilifungua mdomo, ikatoka hewa. Ofisa hakuinua kichwa. Akatia alama. Ndivyo nilivyoingia kambini: kwa mdomo wangu na sauti ya mama.

Nimesomeshwa lugha mbili. Zote mbili nanyamaza kwa ufasaha.

Sasa ni wiki ya tano. Shuka natandika likakaa kama limechorwa kwa rula. Buti nazipiga kiwi mpaka naiona aibu yangu ndani yake. Lakini leo Afande Filimbi, mkufunzi wetu, katangaza mtihani wa zamu. Ijumaa kila kuruta atasimama peke yake mlangoni pa bweni, na yeyote ajaye atamwamuru asimame na kujitambulisha. Usiposikika mpaka kwenye mlingoti wa bendera, unarudishwa kundi la nyuma, unaanza upya. Kasema melini kuna injini, kuna upepo, na siku ya moto anayenong'ona anawaponza wenzake.

Kundi la nyuma. Bila Honi.

Honi ni jirani yangu wa kitanda cha juu. Jina kalipata kwa sababu akinong'ona bwenini, jikoni wanageuka. Wiki ya kwanza, nilipokuwa nalia chini ya blanketi, aliteremsha mkono, akauacha uning'inie mpaka nikalala. Hakusema neno. Kwa Honi, hiyo ni sadaka kubwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia chumba cha kufulia, nikatumbukiza kichwa kwenye ndoo, nikaamuru. Sauti ikatoka nene, yenye cheo. Nikaogopa mwenyewe. Nikarudia.

Nilipotoa kichwa, Pasi alikuwa mlangoni na sare zake. Pasi ndiye kuruta bora. Mikunjo ya suruali yake inaweza kukata mkate. Akaniuliza kwa upole, ndoo imekukosea nini, mwenzangu? Nikaiosha ndoo.

Tatizo: ndoo hairuhusiwi zamuni.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umepatikana. Kando ya mlango wa bweni kuna kabati la mifagio. Honi ataingia humo. Nitapiga kisigino mara mbili, yeye atapaza sauti, mimi nitapanua mdomo. Nami nitampigia kiwi buti zake wiki mbili.

Honi alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, ukimya wako una akili nyingi. Utatufukuzisha." Lakini kakubali.

Tumefanya mazoezi. Kasema mdomo wangu unachelewa, nafanana na samaki anayeomba maji. Nimejifariji: kwa mwanamaji hilo si tusi.

Alhamisi, 6 Machi

Zoezi la moto. Chumba kizima moshi, hatuonani. Unashika bega la aliye mbele, na kila mmoja anataja namba yake ili ijulikane nani kabaki. Nikataja yangu. Hakuna aliyesikia. Afande Filimbi akarudi ndani kunitafuta, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nasema niko hapa, niko hapa.

Alitoka akikohoa vibaya. Hakunifokea. Aliniuliza tu, je, kama ungekuwa umeanguka, ningekupataje?

Nimelitafakari swali hilo mchana kutwa. Nimeamua mpango wa kabati ubaki.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi, zamu yangu. Honi kabatini. Afande Filimbi akaja. Nikapiga kisigino. Sauti ikatoka, madirisha yakatikisika. Afande akasimama, akajitambulisha, akanitazama mdomo, akaenda zake. Nikajiona nimefaulu.

Kisha akapita Pasi, akaona mlango wa kabati haujafungwa sawasawa. Akausukuma, akatia kufuli, akaniambia usijali dada, nimekuokoa na ukaguzi. Nilitaka kumzuia. Kwa sauti gani?

Na hapo, bila taarifa, akatokea Mkuu wa Kambi mwenyewe, Afande Filimbi nyuma yake. Nikapiga kisigino. Kimya; mlango umezibwa, kisigino hakisikiki ndani. Nikapiga tena. Fagio likaanguka ndani, na Honi akasema, "Jamani, nafa na vumbi huku." Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Mkuu akaligeukia kabati, akanyoosha mkono. Nikamwona Honi anafukuzwa kwa ajili yangu, anabeba begi lake, anatoka getini. Hapo kitu kikapanda kutoka kwenye buti.

"SIMAMA! NANI WEWE?"

Mkuu akasimama. Kule kwenye mlingoti, gwaride zima likasimama. Mpishi akatoka jikoni na upawa, mikono juu. Mkuu akataja cheo na jina, kwa adabu, kama mtoto wa shule.

Afande Filimbi akaagiza kufuli lifunguliwe. Honi akatoka na utando wa buibui kichwani, akapiga saluti. Kumbe Afande alijua tangu mwanzo. Mdomo wangu ulifunguka amri ikiwa imeshakwisha. Kasema alitaka kuona nani ataanza kuchoka, kabati au mimi. Nimefaulu. Adhabu: mimi na Honi tunasugua ngazi wiki nzima.

Akiondoka akaniambia, kwa sauti ndogo kuliko yangu, kwamba jana kwenye moshi aliogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Kweli Mungu hamtupi mja wake. Sasa namna ya kumlipa Honi naijua.

Jumatatu kuna mtihani wa mafundo ya kamba. Mafundo ya Honi yanafunguka ukiyatazama tu. Yangu hayafunguki hata kwa kisu. Nimepima: koti kubwa la mvua linatutosha wote wawili. Yeye atasimama mbele, uso wake na sauti yake. Mimi nitakuwa mgongoni, mikono yangu ikipita chini ya makwapa yake. Tatizo dogo ni miguu kuwa minne. Hilo nitalitafutia—

Hatua koridoni. Soli ngumu, mwendo mrefu. Zinakuja huku. Naukunja ukurasa huu ndani ya soksi. Ningeuliza ni nani, lakini sauti ya wiki hii nimeshaitumia.