Mama Mkwe Ananiandikia Kutoka Chumba cha Pili

Kwa Bwana Meneja wa Posta,

YAH: STEMPU ZENU ZA MAJOKA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini wewe na makarani wako hamjambo. Naandika kwa mkono mmoja kwa kuwa mwingine umembeba mtoto, hivyo mwandiko ukipanda na kushuka unisamehe.

Bwana Meneja, tangu mlipotoa stempu za Mashujaa wa Ukungu, ile hadithi ya majoka na wachawi ambayo kila nyumba inaitazama kwenye televisheni, mimi si mwenye nyumba tena. Ni mpangaji wa majoka. Mama mkwe wangu alikuja kunisaidia nilipojifungua. Mwanzoni alipika, alifua, alinilaza kama mtoto wa pili. Kisha siku moja nikamtuma posta kuangalia sanduku letu, akarudi na stempu ya Joka la Kijani. Tangu hapo amesema atarudi kwake siku seti itakapotimia. Wakati huo mwanangu alikuwa hajakaza shingo. Sasa anakaa mwenyewe, anaota jino, na seti haijatimia, kwa sababu stempu ya mwisho, ya Malkia wa Ukungu, mmeibandika kwenye bango lenu ukutani na kuiuza hamuiuzi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Beseni. Stempu iliyotumika hubanduliwa kwenye bahasha kwa kulowekwa katika maji ya uvuguvugu. Kila mkusanyaji anajua hilo, na sasa hata mimi. Maji ya uvuguvugu nyumbani kwetu ni ya mtoto, na beseni ni la mtoto. Juzi nimemaliza kumwogesha, namgeuza nimfute, namkuta Mchawi Mwekundu amemganda kwenye tako. Mama mkwe alifurahi mno, alikuwa akimtafuta tangu asubuhi. Akambandua polepole kwa kibanio chake cha nyusi huku akimsifu mjukuu kwa kumtunza vizuri. Mtoto alicheka. Mimi nilienda kuchemsha maji mengine.

2. Hewa. Stempu hukaushwa juu ya nepi zilizopigwa pasi, na wakati huo dirisha halifunguliwi wala feni haiwashwi. Ukitaka kupiga chafya unatoka nje kwanza. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu anayejua baridi inavyotengenezwa, lakini anakaa sebuleni akitiririka jasho bila neno, maana huyo ni mama yake. Ningekuwa mimi niliyemfungia dirisha, tungesikika hadi barabarani.

3. Uji. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mama mkwe anasema stempu ambayo haijasafiri ni karatasi tu. Lazima ipigwe muhuri, itupwe kwenye magunia, ichoke kidogo. Basi akaanza kuwaandikia ndugu zake na kuwaomba wamrudishie bahasha. Wakajibu mara moja moja, kisha wakawa wanampigia simu kumsihi aache. Akabaki na mimi. Bwana Meneja, mama huyu yuko chumba cha pili. Namsikia akigeuka kitandani. Lakini akitaka uji, ananiandikia. Anatia kwenye bahasha, anabandika joka, mwanawe anaipeleka posta akienda kazini, inakwenda huko mnakozipeleka, inarudi baada ya siku kadhaa, na wa kufungua sanduku ni mimi, mtoto mgongoni, jua la utosi. Naisoma hapo hapo kwenye ngazi zenu: "Mwanangu, leo nahisi uji mwepesi ndio utanifaa." Leo ya lini? Narudi nampikia, naye ananitazama kwa huruma, kwamba uzazi umenichanganya, kwa kuwa siku hiyo anataka viazi.

4. Ucheleweshaji. Wiki iliyopita nilifua nepi zote hadi mgongo ukagoma. Siku chache baadaye ikaja barua yake yenye Farasi wa Mbawa: "Nimekusikia ukiamka na mtoto mara kwa mara. Kesho usiguse nepi, nitafua mimi. Wewe lala, mwanangu." Ingefika kwa wakati, ningelala. Badala yake aliponiona nafua alinuna siku nzima, akidhani nimeipokea nikaikataa. Niliisoma nikiwa kwenye foleni yenu, nikalia, watu wakanipisha mbele wakidhani nimefiwa. Nakuuliza kwa adabu: usingizi ule nitaudai dirisha gani?

5. Jina langu. Makarani wako wananiita Mama Joka. Najua ni utani, ila wananiita kwa sauti ya dirishani. Na fundi viatu wa hapo ngazini ameshaniuliza, kwa upole kabisa, kama mume wangu amenikimbia, maana anaona barua ninazopokea, anadhani ni za huyo mwanamume anayeomba msamaha.

Kwa hayo yote, naomba mtoe Malkia wa Ukungu mara moja, seti itimie, mama apande gari, nami nifungue dirisha. Kama mitambo ya kuchapa imeharibika, tangazeni redioni kwamba Malkia amefariki. Msiba nitausimamia mimi hapa nyumbani. Na kama hilo nalo haliwezekani, basi fungueni tawi la posta kwenye korido yetu, kati ya mlango wake na wangu. Nafasi ipo, pembeni ya ndoo za maji. Mfanyakazi msihangaike kumtafuta: barua nabeba mimi, nafikisha mimi, na uji napika mimi. Naomba tu sare, pamoja na likizo ya uzazi, ambayo nitaianza siku hiyo hiyo ya kuajiriwa.

Nisalimie makarani wote, hasa yule wa dirisha la pili anayempungia mwanangu muhuri. Msalimie mlinzi, na wale wa kuchambua barua ambao hatuwaoni. Mume wangu anakusalimu. Mama mkwe naye anakusalimu, ila salamu zake zitakuja kwa posta.

Nabaki mteja wako, mwenye subira iliyobaki kidogo,

Mama Joka

Nyongeza: Nimefika dirisha la pili kuituma barua hii, karani akaniambia kwa furaha kwamba Malkia wa Ukungu ametoka leo asubuhi. Akaniwekea mmoja mbele yangu. Kweli ni mzuri. Nikamshika, nikaanza kumwona mama akikunja nguo zake na kuniaga. Nikakaa kwenye benchi lenu. Bwana Meneja, Malkia nimembandika kwenye bahasha hii hii. Mpigeni muhuri mzito, mkae naye huko huko. Na mama akija kuuliza dirishani, naomba makarani wamwambie bado hajatoka, ila majoka mengine yapo njiani.