Mwezi Usio na Chunusi

Jumatano, 21 Januari 2026

Habari njema kutoka kanisani. Ukumbi mpya wa parokia utafunguliwa na Baba Askofu Jumapili ya tarehe mosi Februari, na ukuta wa kando ya mlango uko wazi. Picha moja tu. Chini yake, kibao chenye jina la mpiga picha! Mama Kamene, mwenyekiti wa kamati, anataka kitu cha kuinua macho.

Miaka ishirini na mbili nimepiga watu wa Machakos picha za pasipoti. Nusu ya mji imepita mbele ya kamera yangu. Jina langu halijawahi kuning'inia popote. Hata lile la mlango wa studio lilifutwa na mvua.

Ndeti, mwenye studio ng'ambo ya barabara, ameshatangaza kwamba atapiga paa la kanisa kwa droni. Mita mia moja juu. Nikacheka kimoyomoyo. Mimi nitapiga mwezi, kila shimo na kila mlima.

Darubini niliipata kwa Duale, mfanyabiashara wa mbuzi, kwa kubadilishana na picha za harusi ya bintiye Hani. Alikuwa ameinunua akague mifugo ng'ambo ya bonde. Akaona mbuzi wote miguu juu, akadhani wamekufa. Darubini za nyota hugeuza vitu. Sikumweleza hadi tulipomaliza mapatano.

Ijumaa, 23 Januari

Jaribio la kwanza, juu ya slabu, paa la zege la studio, saa moja jioni. Slabu ilikuwa imeshika jua kutwa nzima. Joto likapanda, mwezi ukatetemeka kama uji jikoni. Picha arobaini, zote uji.

Ndeti akaita kutoka chini, akauliza ile ni nini. Nikasema bomba la tangi. Akauliza mbona linaangalia mbinguni. Nikamwuliza kwani maji hutoka wapi. Akaenda zake akifikiri.

Jumatatu, 26 Januari

Nimeupata!

Nilihamia Katelembo, kwenye malisho ya Duale. Nyasi tupu, hakuna saruji. Mwezi wa nusu, utosini kabisa. Hiyo ndiyo siri: ukiwa nusu, jua linaupiga kwa ubavu na kila shimo linatupa kivuli. Nilichukua video ya dakika nne, kompyuta ikachagua picha kali mia tatu, ikazilaza moja juu ya nyingine. Kuna shimo lenye kilima katikati kama kitovu. Kuna mlima ambao kilele kimeshika jua na miguu bado iko usiku.

Duale alichungulia, akasema hata mwezi umepinduka, basi mbuzi wake walikuwa wazima. Alinitazama muda mrefu. Nilijishughulisha na skrubu.

Sasa, usalama. Ndeti hana mashine ya kuchapa picha kubwa, huja kwangu, na na akikaa karibu na Wanza, msaidizi wangu wa kompyuta, macho ya Ndeti hayatulii. Kwa hiyo nimefuta video. Picha nimeificha kwenye foleni ya pasipoti kwa jina la Mzee Muthoka, na maagizo: moja kubwa, ya fremu. Nani atautafuta mwezi kati ya wazee?

Ijumaa, 30 Januari

Siku tatu nilikuwa EPZ, eneo la viwanda la Athi River, napiga wafanyakazi wa kiwanda picha za kadi. Nimerudi. Heri ningebaki.

Wanza hana kosa, na hilo ndilo linaloniuma. Kila sura iliyo kwenye foleni ya pasipoti huitoa chunusi, makovu na mikunjo, kisha huondoa kilicho nyuma na kuweka nyeupe. Nilimfundisha mwenyewe. Mashimo yamezibwa. Milima imelainishwa. Anga limekwenda, pamoja na ile nusu ya mwezi iliyokuwa gizani. Kimebaki kipande cha nusu duara, cheupe, laini kama yai lililomenywa, chenye kivuli kidogo ukingoni.

Nikamwuliza hakuona kwamba huyu si mzee?

"Niliona, bosi," akasema. "Lakini ulinikataza kuuliza wateja mambo ya sura zao. Na huyo alikuwa na ngozi mbaya kuliko wote."

Picha ya kwanza je? Amehifadhi mpya juu yake, kubana nafasi. Hilo pia nilimfundisha.

Nimepanda kwenye slabu. Mwezi unakaribia kujaa, jua linaupiga usoni, kivuli hakuna. Chapati. Basi. Nitapeleka hiyo hiyo ya Wanza.

Jumapili, 1 Februari

Kamati ilikaa kabla ya Misa. Picha ya Ndeti ni kali, nakubali. Kali kupita kiasi. Aliipiga Jumapili iliyopita wakati wa Misa, na nyuma ya paa wanaonekana wanakamati wawili wameketi baa. Hao wawili wakasema rangi haipendezi.

Kisha yangu. Nilikuwa na maelezo ya aina tatu tayari. Mama Kamene akavua miwani, akaivaa tena, akafanya ishara ya msalaba.

"Hostia," akasema polepole. "Ile ya komunyo, Padre ameshaimega. Musili, nani alijua uko na moyo kama huu?"

Nikainamisha kichwa. Sikusema uongo. Sikusema chochote.

Ndeti akaninong'oneza: "Musili, si huu ni mwezi?"

Nikamwambia shida yake ni imani.

Imetundikwa! Baba Askofu alisimama mbele yake dakika nzima. Kibao kina jina langu, bila kosa la herufi. Nimepita pale mara saba. Choo kiko upande mwingine.

Jumatano, 4 Februari

Mama Kamene amekuja studio. Waumini wanauliza nusu ya pili iko wapi, na upande wa pili wa mlango uko wazi. Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, hakuna shida. Nikafungua kalenda. Nusu ya pili itakuwa juu alfajiri ya Jumatatu, tarehe tisa. Akashangaa hostia kuwa na tarehe. Nikasema ni mambo ya mwanga.

Safari hii mashimo yote yatakuwepo. Ndeti hatanusa kitu: faili litaingia kwenye foleni ya harusi, kwa jina la bibi harusi. Na waumini wakiuliza madoa ni ya nini, nitawaambia masista wanaooka hostia walisaga ngano wenyewe, bila kuchekecha pumba.