Chupa Yangu Iliyokataa Kuwa ya Njano

Wafula na Otieno,

Mnisamehe mwandiko huu, na mkikuta neno limekosewa lisomeni tu hivyo hivyo. Mnajua mimi huandika polepole, na leo hata mkono una aibu.

Leo nimeumbuka.

Ile kazi ya kiwanda cha sabuni niliyowaambia, leo tulikuwa tunapimwa mkojo. Asiyepita haandikwi. Jirani yetu hapa Kayole, Baba Nekesa, alinishauri jana ninywe maji mengi asubuhi, eti mkojo mweupe ndio wa mtu mwenye afya. Nikanywa jagi tatu. (Yalikuwa maji ya mama ya kupikia. Bado hajajua.)

Katika zahanati ya kiwanda nikajaza chupa, nikaiweka mezani na za wenzangu. Zao zilikuwa za njano. Yangu inang'aa. Nikajisifu moyoni.

Sista, yule muuguzi wa zahanati, akaiinua kwenye mwanga, akatoka nayo mpaka kwenye foleni.

"Nani ameniletea maji ya mfereji?"

Nikainua mkono, nusu. Nilisema ni mkojo wangu, lakini hakuniamini. Akanipa chupa nyingine, akamwambia askari wa lango anisindikize ashuhudie. Nyinyi mnanijua, hata kunawa uso siwezi nikitazamwa. Nilisimama chooni mpaka yule askari mzee akaanza kunipigia mluzi kama mtoto mchanga anayekojoleshwa. Hatimaye ukatoka. Mweupe vilevile!

Tukarudi. Askari akasimama wima mbele ya foleni yote.

"Sista, kijana hana hatia. Nimeuona ukitoka."

Watu wakavunjika mbavu. Sista pia. Kisha akanieleza kwamba ubongo hutoa homoni ya kuziambia figo zishike maji. Ukinywa kupita kiasi, homoni hiyo inapungua, figo zinayaachilia, na mkojo unakuwa mwepesi mno kupimwa. Nikauliza mbona ubongo wangu ulipanga haya yote bila kuniambia. Alisema nilete mkojo wa kwanza wa kesho asubuhi, na leo ninywe nikiwa na kiu tu.

Sasa nimekula omena, wale dagaa wenye chumvi, na kikombe cha maji kiko mbele yangu. Sijui kama hii ni kiu au ni woga.

Niandikieni mniambie nyinyi hutofautishaje. Ila msitaje maji. Barua zangu hufunguliwa na mama.