Mhandisi wa Jenereta Mbili

Jumatatu, 10 Februari

Jenereta ya pili imefika. Kijani, mpya, vitufe bado vina nailoni. Sasa kliniki ya uzazi ya Mama Nyakuon ndiyo pekee mtaani kwetu Buluk, hapa Juba, yenye jenereta mbili, na mimi, Aguer, ndiye ninayezitunza. Nimeomba cheo changu kibadilishwe kutoka mtunza jenereta kuwa mhandisi mkuu. Mama Nyakuon, ambaye ni mkunga na ndiye mwenye kliniki, aliniuliza mhandisi mdogo ni nani. Nikamwambia nafasi hiyo bado iko wazi. Akasema tutazungumza siku nyingine.

Hajui kwamba umeme nilijifunzia Kitale, kwa mtu aliyekodisha spika za harusi. Hajauliza. Sijasema.

Ile ya zamani imeelemewa. Tangu lije sanduku la joto la watoto njiti, halafu mashine ya oksijeni, inakohoa asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo mbili zitaunganishwa zibebe mzigo pamoja. Kazi yangu hiyo! Lakini Mama ameshamwita Fortunate, fundi wa umeme kutoka Mbarara, mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Mwanamke anayepima kila kitu mara mbili. Hata sukari ya chai.

Jumanne, 11 Februari

Fortunate kafunga nyaya kutwa. Nilimshauri asijisumbue: jenereta moja wodini, nyingine chumba cha upasuaji, kalas, imekwisha. Akasema tukigawa hivyo, siku moja ikizimika upande mmoja unabaki hauna umeme. Zikiunganishwa, moja ikichoka nyingine inabeba. Nikasema najua, nilikuwa nampima.

Akanieleza tena, bila kuombwa. Jenereta mbili ni kama watu wawili wanaobeba machela. Nguvu iwe sawa, mwendo uwe sawa, na miguu inyanyuke pamoja. Mmoja akitangulia hatua, wanaanguka wote na mgonjwa wao. Ametundika balbu tatu ukutani kati ya mashine hizo mbili. Balbu ndizo zitakazotuambia mashine zinatembea hatua moja, na hapo ndipo swichi ya kuunganisha inafungwa. Akaeleza tunasubiri balbu ziweje.

Sehemu hiyo sikuisikia vizuri. Nilikuwa nafikiria picha. Ijumaa wanakuja wageni wa kanisa lililotoa jenereta, wana kamera, na sijaamua kama nisimame kulia au kushoto.

Jumatano, 12 Februari

Adhel, mwalimu wa shule ya msingi hapa jirani, amejifungua wiki nane kabla ya siku zake. Msichana. Kilo moja na nusu. Yuko ndani ya sanduku la joto, amevaa kofia inayomshinda. Nilichungulia dirishani. Mkono wake wote ni kama kidole changu cha mwisho.

Fortunate amesema tusiunganishe chochote mpaka Ijumaa asubuhi, apime mara ya mwisho. Kesho anakwenda Rejaf kutengeneza pampu ya shamba. Amebandika karatasi kwenye swichi: USIGUSE. Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Kliniki nzima inajua ni mtu gani anayeandikiwa lugha tatu.

Nimetafakari. Akiunganisha yeye Ijumaa, picha ni yake. Nikiunganisha mimi Alhamisi, Ijumaa anakuta kazi imekwisha, na wageni wanamkuta mhandisi.

Alhamisi, 13 Februari

Lazima niandike.

Saa tano asubuhi niliwasha jenereta mpya. Ya zamani ilikuwa inafanya kazi. Balbu tatu zikaanza: zinawaka, zinafifia, zinazima, zinawaka tena, polepole, kama mtu anayepumua. Nikajiuliza, tunasubiri ziwake au zizime? Nikatumia akili. Mwanga ni dalili ya kuelewana. Giza ni ugomvi. Basi nikangoja zing'ae kabisa, nikaibandua karatasi ya lugha tatu, nikafunga swichi.

Sijawahi kusikia mlio wa namna ile, na mimi nimeishi Juba miaka kumi na miwili. Jenereta mpya iliruka kama iliyopigwa teke. Vipande vya mpira vikanipita sikioni. Moshi. Na wodini, kimya. Feni kimya, mashine ya oksijeni kimya, sanduku la joto kimya.

Nilikimbia hadi mlangoni. Mama Nyakuon hakupiga kelele. Alikuwa ameshamtoa mtoto sandukuni na kumlaza kifuani kwa Adhel, ngozi kwa ngozi, anawafunika kwa kitenge. Aliniuliza itachukua muda gani. Nikasema dakika mbili. Nikasema pia kwamba mjusi ameingia kwenye swichi.

Dakika mbili zikapita. Jenereta ya zamani inanguruma vizuri kabisa lakini haitoi umeme. Nilisukuma swichi yake juu. Ikarudi katikati. Nikasukuma tena. Ikarudi tena. Jasho likaniingia machoni. Nilimwona yule mtoto na kofia yake kichwani mwangu, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuikumbuka picha. Nikampigia Fortunate huko Rejaf.

Hakuuliza nimefanya nini. Alisema, "Aguer, sikia mimi. Kwanza zima ile mpya, toa kabisa. Halafu swichi ya ile mzee, imejikata yenyewe, usipandishe. Shusha. Shusha mpaka chini kabisa. Sasa pandisha."

Nikazima mpya. Nikashusha swichi, ikasema tak. Nikapandisha.

Feni zikaanza kuzunguka. Nilikaa chini sakafuni palepale kwenye vipande vya mpira. Dakika tisa zilikuwa zimepita. Muuguzi akatoka kuniambia mtoto ni mzima, ana joto, amenyonya kidogo. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena.

Ijumaa, 14 Februari

Fortunate alifika alfajiri. Aliikagua swichi, akainama, akaiangalia sakafu yenye vumbi. Kisha akamwambia Mama Nyakuon kwamba mjusi wa kliniki hii anavaa viatu namba arobaini na tatu.

Nilidhani ningefukuzwa. Mama akasema, "Nenda umwambie Adhel mwenyewe. Yote. Halafu rudi, tuone kama bado una kazi."

Ni hatua kumi na nne hadi kitandani kwake. Nilisema yote: picha, balbu, karatasi, mjusi ambaye hakuwapo. Nilisema malesh, yaani samahani, mara nne. Adhel alinisikiliza hadi mwisho, mtoto kifuani.

"Amelala," akasema. "Punguza sauti."

Halafu akaniuliza kama umeme utabaki leo. Nikasema utabaki. Akasema basi niende nikauangalie.

Nimerudi kwa Mama. Bado nina kazi! Wageni wameahirisha ndege hadi Jumatatu. Kilichovunjika ni kile kipande cha mpira kinachounganisha injini na jenereta yenyewe, na swichi moja imeungua. Mashine iko salama. Nimekula sahani mbili za maharagwe, chakula changu cha kwanza tangu jana.

Jumatatu, 17 Februari

Fortunate alipata mpira mwingine soko la Kastom, na swichi mpya akaitoa dukani kwake. Leo saa tatu tumeunganisha. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake tangu mapema, iwapo litatokea la kutokea. Fortunate aliniweka mbele ya balbu na kunitaka nimsomee kwa sauti. Yeye akashika swichi.

Kumbe tunasubiri giza! Fortunate anasema balbu zinawaka kwa sababu mashine zinavutana. Zikienda hatua moja, hakuna wa kumvuta mwenzake, taa zinazima. Nikasoma: zinawaka, zinafifia, zinafifia, giza.

Akafunga.

Hakuna kilicholia. Nilikuwa nimeziba masikio, nikayafungua, bado hakuna. Mashine zote mbili zikawa na mlio mmoja. Mshale wa kipimo cha mzigo wa ile mzee ukashuka hadi nusu, wa mpya ukapanda hadi nusu, yote miwili ikatulia hapo. Tukamsikia Mama Nyakuon akiwasha jiko la umeme la kuchemshia vyombo vya upasuaji, na taa hazikufifia hata kidogo. Fortunate alifuta mikono, akacheka, akanipa mkono. Machozi yalinitoka. Nikasema ni moshi wa dizeli.

Wageni walifika saa sita. Wamempiga picha Fortunate, katikati ya mashine. Kiwiko changu kinaonekana upande wa kushoto. Kiwiko kizuri.

Jumatano, 19 Februari

Amani. Mtoto ameongezeka gramu sitini na ameitwa Ayak. Nimelala vizuri siku mbili mfululizo. Nimekuwa mtu mwingine, mwangalifu, asiye na haraka.

Leo Gaetano, meneja wa nyumba ya wageni ya jirani, amesema wana jenereta kuukuu uani, chukua tu ikiwa unaiweza. Nimekwenda kuiona. Nyekundu, kubwa, imetoka Amerika. Nimesoma kibati chake kwa makini, kama fundi. Zetu, mahali pa mwendo, zimeandikwa hezi hamsini. Hii ni hezi sitini. Yaani ina kumi za ziada!

Kliniki yenye jenereta tatu. Juba nzima sijaisikia. Na hapo mhandisi mdogo atakuwa Fortunate.

Sitamwambia bado, atataka kupima. Keshokutwa anakwenda Nimule kumwona dada yake. Balbu najua anakoziweka, na sasa najua kwamba tunasubiri giza.