Kiti cha Nyuma Kushoto

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Mamlaka ya Kubana Matumizi imefanikiwa kujipatia gari kuukuu.

Tangazo hilo lilisomwa redioni siku tatu mfululizo, likabandikwa getini, na nakala yake ikatiwa fremu kwenye ukumbi wa mapokezi, chini ya picha ya Mkurugenzi Mkuu akiwa amekunja ngumi, ishara ya kubana. Kitu kimoja tu hakikutajwa, kwa kuwa hakuna aliyeuliza: gari hilo kuukuu lilikuwa bado halijatoka kiwandani.

Asije mtu akasema palikuwa na ujanja. Mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mwanzoni mwa mwaka Mkurugenzi alitia saini Waraka Namba Saba mbele ya waandishi wa habari. Waraka ulisema ni marufuku ofisi ya umma kununua gari jipya. Litakaloruhusiwa ni gari lililokwisha kutumika, lililomilikiwa na mtu binafsi, na lenye dalili za wazi za kutumika. Watu walipiga makofi. Mkurugenzi naye alipiga, kwa kiasi, kama inavyompasa mtu wa kubana.

Kisha gari lake mwenyewe likaanza kukohoa. Alilolitaka lilikuwa ng'ambo, jeusi, refu, lenye viti vya ngozi. Magari kuukuu aliyoonyeshwa hakuyataka hata moja, maana hakuwa tayari kukalia jasho la mtu asiyemjua.

"Mtumba sikatai," aliwaambia wakuu wa idara. "Nani amesema nakataa? Ila nataka mtumba ambao haujavaliwa."

Kikao kilikaa siku mbili juu ya sentensi hiyo. Aliyelitegua fumbo ni mwanasheria wa Mamlaka, mama mmoja mkimya mwenye miwani ya kamba. Gari jipya likinunuliwa hukohuko ng'ambo kwa jina la mtu binafsi, mtu huyo akalitumia kwa miezi miwili, kisha likasafirishwa kwa meli, basi litakapogusa bandari ya nyumbani litakuwa kuukuu kisheria. Na jasho litakuwa la mtu anayejulikana.

Hapo ndipo alipotajwa dereva. Miaka tisa alikuwa amemwendesha Mkurugenzi, na bado kikaoni waliishia kumwita "yule dereva", kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika na jina lake. Ikabidi faili lake litafutwe ili jina liandikwe kwenye hati. Ndani ya faili palikuwa na barua moja tu, na jibu lake.

Barua hiyo aliiandika mwaka uliopita. Mkewe alikuwa na goti bovu, la kushoto, na kila Alhamisi asubuhi alikwenda hospitali kunyooshwa. Njia ya hospitali ndiyo hiyohiyo ya ofisini, na Mkurugenzi huketi peke yake kiti cha nyuma kushoto, akisoma gazeti. Dereva aliomba mkewe apande mbele, siku hiyo moja tu kwa wiki. Jibu lilikuja baada ya siku ishirini na moja za kazi: "Nafasi ipo, lakini nafasi si ruhusa. Mhusika atembee. Kutembea ni mazoezi, na mazoezi ndiyo aliyoandikiwa na daktari."

Basi kila Alhamisi gari lilimpita yule mama konani, na gongo lake kwapani. Dereva hakupiga honi, kwa kuwa honi ya mambo binafsi ni kosa. Alipunguza mwendo tu, mpaka gari likawa linatambaa, amwone vizuri.

"Kuna nini?" Mkurugenzi aliuliza mara ya kwanza, gazeti usoni.

"Kuna shimo, Mheshimiwa."

Hapakuwa na shimo. Lakini Mkurugenzi hakuwahi kuangalia.

Kabla ya dereva kusafiri, ujumbe wa watu kumi na mmoja ulitangulia kuhakikisha kama ng'ambo ipo. Ulirudi na taarifa nene kwamba ipo, na kwamba kuna baridi. Ndipo Kamati ya Uzeeshaji ikaundwa, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti, na dereva akakabidhiwa Mwongozo wa kurasa kumi na saba. Alifundishwa pia jibu moja la kukariri. Akiulizwa gari ni la nani, aseme: "Ni langu."

"Tena useme kwa moyo," Mkurugenzi alimsisitiza. "Usije ukababaika ukatuaibisha."

Kiwandani walimpeleka kwenye chumba chenye sakafu inayong'aa. Gari lilikuwa limesimama katikati, limefungwa utepe mwekundu juu ya paa. Dada mmoja aliyevaa glavu nyeupe alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akampiga picha, akampa ua. Dereva aliinamisha kichwa kushukuru. Kisha akafungua Mwongozo ukurasa wa nne, akapima kwa rula, na kwa ule ufunguo mpya akachora mlango wa nyuma kulia mkwaruzo wenye urefu wa kidole kimoja cha shahada.

Yule dada alipiga ukelele. Alisema maneno mengi kwa lugha yao, na ingawa dereva hakuelewa hata moja, alijua anaulizwa kama ana akili timamu. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mtu aliyefuta vumbi la magari ya watu miaka tisa hakwaruzi gari hivihivi.

Kazi ikaanza. Kila siku alizunguka barabara ileile ya nje ya mji mpaka wauza petroli wakamzoea. Alimwaga chai nusu kikombe kiti cha mbele, kama ukurasa wa sita ulivyoelekeza. Alitawanya makombo ya biskuti. Alibandika kioo cha nyuma stika ya katuni, ili ionekane palikuwa na mtoto. Sehemu moja tu hakuigusa, maana Mwongozo uliipigia mstari mara mbili: kiti cha nyuma kushoto kisikaliwe na mtu yeyote, na nailoni yake isitolewe.

Alasiri alipiga simu kwa Kamati.

"Linanukaje?" Mkurugenzi aliuliza.

"Bado linanukia upya, Mheshimiwa."

"Unafanya kazi gani huko? Ongeza uzee!"

"Nimevaa soksi moja siku nne, Mheshimiwa. Na madirisha nimefunga."

Kamati ikashauriana kwanza. "Endelea hadi siku ya sita," ikaamua. "Lakini soksi zibaki mbele. Nyuma zisifike."

Alhamisi ya tano alimpigia mkewe akiwa ameegesha nje ya duka moja kubwa.

"Baba watoto, mbona sauti yako inakuja kama uko ndani ya debe?"

"Niko garini."

"Gari la nani?"

"Langu," alisema kwa moyo, kama alivyofundishwa.

"Wanakulisha nini huko?"

"La makaratasi tu, mama watoto. Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda. Nimeanguka pale konani, lakini watu wakaninyanyua. Usijali, goti ni lilelile, halikuongezeka wala kupungua. Wewe fanya kazi ya watu urudi."

Alipokata simu, dereva alitazama kioo cha juu. Nyuma yake kile kiti kilikuwa kimekaa ndani ya nailoni yake, kipana, kikavu, hakina mtu. Mkewe ameanguka barabarani, na yeye anazunguka dunia akibeba nafasi tupu. Alisikia aibu, na baada ya aibu akasikia hasira, ambayo haikuwa imetajwa katika ukurasa wowote kati ya zile kumi na saba.

Meli ilifika Jumatano. Wiki hiyohiyo gari la zamani lilikuwa limepigwa mnada, kwa kuwa Waraka Namba Tisa hauruhusu ofisi kuwa na magari mawili hata kwa siku moja. Kwa hiyo Mkurugenzi alikuja bandarini na gari la zimamoto, la kuazima. Alishuka kwa ngazi.

Mkaguzi wa bandari alikuwa mwembamba, na alikuwa amesoma Waraka Namba Saba mpaka koma zake. Alilizunguka gari mara tatu. Aliinusa chai. Alitoa rula mfukoni akapima mkwaruzo.

"Kidole kimoja kamili," alisema. "Maisha hayakwaruzi kwa rula. Hili gari ni la nani?"

"Ni langu," dereva akajibu.

Ilimtoka vizuri mno, na mkaguzi akazidi kushuku. "Wewe ni dereva wa serikali. Gari kama hili umelitoa wapi? Naona kuna mtu mkubwa nyuma yako. Kama ni la ofisi, basi ni jipya, na jipya linarudi lilikotoka kwa meli ijayo."

Mkurugenzi alisikia neno "linarudi" akaruka. "Mimi ni shahidi! Lete kiapo!"

"Mheshimiwa," mwanasheria, aliyekuja naye, alimnong'oneza, "pengine tungeketi kwanza tukasome…"

"Mama, sisomi. Natia saini."

Akaapa mkono juu, mbele ya makuli na wapiga mihuri, kwamba gari lile ni mali ya dereva kwa asilimia mia, leo, kesho na siku zote, na kwamba yeye wala ofisi yake hawana hata msumari wao ndani yake. Mkaguzi akagonga mihuri mitano. Gari likawa kuukuu.

"Haya," Mkurugenzi akasema, akijifuta jasho, jasho lake mwenyewe. "Sasa twende dirisha la pili, alihamishe liwe la ofisi."

Mwanasheria alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. "Dirisha la pili haliwezekani, Mheshimiwa. Kuna Waraka Namba Kumi na Mbili."

"Ni wa nani huo?"

"Ni wako. Ulipokasirika kwamba mtunza stoo ameiuzia ofisi viti vyake vya harusi. Mtumishi hataiuzia, hataipa wala kuiazimisha ofisi yake mali yake binafsi."

"Futa!"

"Haufutwi miaka mitano, hata kwa ombi la aliyeutia saini. Hiyo sentensi uliiongeza kwa kalamu yako, ukapigiwa makofi."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliandika dokezo la kurasa tatu. Ulijibu pembeni: 'Karatasi zipunguzwe.'"

Mkurugenzi alitazama gari. Lilikuwa linang'aa juani, limetulia, na stika yake ya katuni. "Mfukuze kazi huyu! Akishafukuzwa si mtumishi, atauza!"

"Ataruhusiwa kuuza," mwanasheria alikubali. "Lakini mtu aliyefukuzwa kazi anaamka asubuhi anauza gari lake kwa aliyemfukuza? Labda tumuulize mwenyewe."

Wakageuka wote. Dereva alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, kama anavyosimama siku zote.

"Bwana dereva," Mkurugenzi akasema, na huo ubwana ulikuwa wa kwanza katika miaka tisa, "wewe wasemaje?"

"Mimi sina la kusema, Mheshimiwa. Nafuata waraka."

Wakati huo king'ora kililia. Mahali fulani mjini palikuwa panaungua, na gari la zimamoto likaondoka kwa kasi na koti la Mkurugenzi ndani yake. Akabaki na shati. Alisimama kidogo, akakohoa, kisha kwa mazoea akaenda mlango wa nyuma kushoto, akangoja ufunguliwe.

"Basi nirudishe ofisini."

Dereva hakutaka kumvunjia heshima mtu mzima. Alikuja mpaka karibu, akasema taratibu, "Nafasi ipo, Mheshimiwa. Lakini nafasi si ruhusa. Andika barua."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mkewe alitoka nje na gongo lake, amevaa vizuri, akaenda moja kwa moja mlango wa mbele.

"Huko siko," dereva alisema. "Nyuma kushoto."

"Nyuma? Mimi ni waziri?"

"Panda, mama watoto."

Aliingia taratibu, akanyoosha goti lake lote, na bado miguu haikugusa kiti cha mbele. Nailoni ikapiga kelele chini yake. "Hii kitu inanibana. Nitoe?"

"Toa."

Aliichana kwa mikono miwili, na ile harufu ya upya, ambayo soksi za siku sita hazikuweza kuiua, ikajaa gari zima. Dereva akaivuta mpaka mwisho wa kifua. Alikuwa na furaha, wala hakuificha.

Walipokaribia kona walimwona mtu mbele, anatembea pembeni ya barabara na gazeti kwapani. Viatu vyake vilikuwa vya ofisini, vya ngozi nyembamba, na alikuwa anachechemea.

"Si bosi wako yule?"

"Ndiye."

"Maskini, mwone anavyoburuta mguu. Si tumchukue?"

"Barua yake nimeipata jana jioni. Majibu ni siku ishirini na moja za kazi."

Dereva akapunguza mwendo, mpaka gari likawa linatambaa. Walimpita polepole sana. Mkurugenzi aliwatazama, na safari hii hakuwa na gazeti usoni. Kisha gari likashika mwendo wake.

"Mbona ulipunguza?" mkewe aliuliza.

"Kuna shimo pale."

Akageuka kutazama nyuma, barabara imenyooka, haina hata kokoto. "Mimi sikuona shimo lolote."

"Hata yeye," dereva alisema, "hakuwahi kuliona."