X Nyekundu Ukutani Kwetu Maisaka

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mtaa mzima ukiwa umesimama unaangalia. Naandika haya nimekaa chini kwenye mkeka (sababu ya mkeka mtaijua), mlango nimeufunga ili majirani wadhani sipo.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Elisha, nauza nguo za watoto sokoni hapa Babati. Naishi Maisaka na mume wangu, Baba Elisha, fundi pikipiki. Tunaishi pia na mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Dareda mwaka juzi kutusalimia, na mpaka leo anatusalimia. Elisha mwenyewe yuko shule ya bweni. Mungu ni mwema, hakuona.

Basi asubuhi mume wangu kaondoka alfajiri kama kawaida yake. Mimi natoka mlango wa mbele kumwaga maji ya kudekia. Nageuka. Ukutani kuna X.

Nyekundu! Kubwa kama mlango!

Najua mtu mwingine angekaa chini alie. X ukutani maana yake tunaijua wote, ni kubomolewa. Mimi nilicheka peke yangu na ndoo mkononi. Tangu Babati ifanywe makao makuu ya mkoa tunaambiwa barabara ya mtaani kwetu itapanuliwa, na atakayebomolewa atalipwa fidia. Wiki iliyopita tu watu walipita wakichungulia kwenye kile kidude chao cha miguu mitatu. Na nyumba yetu, niseme ukweli, atakayeibomoa atakuwa ametusaidia. Ukuta una ufa unaopitisha mkono. Bati linavuja. Choo kimejaa tangu masika, nimemsema Baba Elisha mpaka mate yamekauka, na jibu lake ni lile lile: "Nitashughulikia."

Nikaona sasa Mungu ameshughulikia vyote kwa mpigo.

Nikamwita mama mkwe. Akaja polepole na kikombe chake cha uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amechafua ukuta?"

"Si uchafu, mama. Hiyo ni hela."

Akaangalia X. Akaniangalia mimi. Akanywa uji. Nikamweleza habari ya barabara na fidia, taratibu, mpaka akaelewa.

"Ni nyingi?"

"Nyingi, mama."

"Basi nunua ng'ombe."

"Mama, hapa mjini hatuna pa kufugia."

"Nyumba si inabomolewa? Fuga hapo."

Nikayaacha ya ng'ombe.

Mimi mpango wangu ulikuwa tayari kichwani, nadhani ulikuwepo miaka yote ukisubiri hela tu. Fremu ya duka karibu na stendi, yenye kioo mbele, na yale masanamu ya kuvalisha nguo. Makochi mapya, yale yanayozunguka sebule nzima. Inayobaki tunahamia Nakwa, tunajenga taratibu. Nilikuwa naongea huku naonyesha kwa mikono, fremu hapa, masanamu pale.

"Na Baba Elisha?" mama akauliza.

Hapo ndipo nilipokosea njia. Maana Baba Elisha namjua. Akishika hela leo, kesho ameleta pikipiki. Tunazo tatu uani, na hakuna hata moja inayowaka. Zote anasema "ni kitu kidogo tu".

"Mama, nakuomba tusimwambie kwanza. Hela ikiingia, nikishalipia fremu, ndipo tunamshtukiza."

"Yule ni mwanangu."

"Najua mama."

"Nimemzaa."

"Najua."

Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Ng'ombe wawili," akasema.

Tukapatana.

Sasa, jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mama Pendo. Mama Pendo anasikia hata maneno ambayo bado hujayasema. Kabla jua halijakaa sawa alikuwa mlangoni kwangu na chupa ya chai. Tumekaa jirani miaka yote hiyo, chai yake nilikuwa sijawahi kuionja.

"Hongera jirani!"

"Hongera ya nini tena?"

"Ya hiyo hapo," akaonyesha X kwa kidevu. "Mimi ningekuwa wewe, ningejenga vyumba vya kupangisha. Unakaa kivulini, kodi inakufuata."

Nikamwomba asimwambie mtu. Akaapa. Haikupita nusu saa mtaa mzima ukawa unapita mbele ya nyumba yangu kwenda sijui wapi, na kila anayepita ana ushauri. Fundi cherehani akasema ninunue shamba la mpunga Magugu. Mwenye kibanda cha chipsi akasema ninunue gari la abiria la kwenda Arusha, yeye atanitafutia dereva (dereva mwenyewe ni shemeji yake). Mama mmoja wa kanisani akanikumbusha kwamba kwaya haina kinanda. Mimi kwaya siimbi! Mzee mmoja mstaarabu akanivuta pembeni.

"Mwanangu, weka benki. Usiguse."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka ufe."

Sokoni sikwenda. Mtu mwenye fidia anakwenda sokoni kutafuta nini? Nikakaa barazani napokea watu, najibu salamu taratibu, na sauti yangu, nikikumbuka sasa, ilikuwa imebadilika kabisa. Nilikuwa naongea kama mgeni rasmi.

Katika kujisikia huko, Mama Pendo akaingia sebuleni, akakaa kwenye kochi, akalipapasa mkono.

"Haya makochi yako bado mazima."

"Chukua tu jirani. Mimi naingiza mapya."

"Lini?"

"Wewe chukua."

Jamani, sikuwa nimefunga mdomo. Sijui wale vijana wa kubeba aliwaweka wapi. Kochi la kwanza likapita mlangoni, la pili likalifuata, na lile la watu watatu likatoka kwa ubavu. Mama mkwe alikuwa amekalia moja. Walimwomba asimame, akasimama.

Kabla hajaondoka, Mama Pendo akaniachia neno moja la shukrani. Akasema kwenye fidia wanahesabu na miti. Mti wa matunda unalipwa peke yake, mbali na nyumba.

Sisi tuna mpapai mmoja. Dume.

Nikachukua panga. Kwa Mama Pendo kuna mparachichi mkubwa, nikamwomba matawi, akaniruhusu (angenikatalia nini siku kama ya leo?). Nikakata matawi yenye majani mazuri, nikayachomeka uani kwa mstari, kuanzia kwenye pikipiki mpaka kwenye banda la kuku. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda ananitazama.

"Hiyo itaota?"

"Haihitaji kuota, mama. Inahitaji kuonekana."

Halafu nikayamwagilia maji. Kuyachomeka naweza kujisamehe. Ila kumwagilia? Ule ulikuwa wazimu.

Mchana, jua likiwa kali, tukasikia muungurumo wa gari kubwa linakata kona ya mtaa wetu. Watu wakatoka majumbani. Nikakimbia ndani, nikavaa kitenge cha sendoff ya mdogo wangu, nikafunga na kilemba. Soda nilikuwa nimeshanunua. Nikaziweka kwenye sinia, nikatoka nazo mlangoni kama ninapokea posa.

Likasimama lori lenye tenki nyuma. Nikajua moja kwa moja: hilo ni la kumwaga maji barabarani, vumbi lisitimke wakibomoa. Akashuka baba mmoja mtu mzima, mabuti ya mpira miguuni, glavu mkononi. Akaangalia X, akatikisa kichwa kuridhika.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri! Karibuni sana. Tumewasubiri kwa moyo mmoja. Sisi kama familia hatupingi maendeleo!"

Nyuma yangu watu wakapiga makofi. Baba wa watu akashangaa kidogo, lakini akashukuru. Nikampa soda. Akasema atakunywa akimaliza kazi, mikono yake si misafi. Nikaona huyu mtumishi ana maadili.

"Kabla hujaanza, pita uone mali," nikamwambia.

Nikampeleka uani, na umati ukafuata.

"Haya ni maparachichi. Mstari wote huu. Ya kisasa."

"Mazuri," akasema. "Yana muda gani?"

"Miaka mingi."

Mti mmoja ukaanguka. Haukuanguka kwa kishindo, uliinama polepole mpaka ukamlalia kwenye buti. Yule baba akainama, akauokota, akauangalia chini kwenye mzizi ambao haukuwepo, kisha akauchomeka tena palepale na kuukandamizia udongo kwa kisigino. Ule uungwana wake ndio ulionimaliza baadaye.

Mimi sikusimama. Nikaendelea!

"Na hii hapa ni nyumba ndogo ya wageni."

Mgeni mmoja akatoka mlangoni na vifaranga wake.

"Mama," yule baba akasema kwa upole, kama daktari, "choo kiko wapi?"

"Choo? Kumbe na choo mnalipia?"

"Hapana mama. Mnalipa nyinyi."

Nikamwangalia. Akaniangalia.

"Mimi ni wa gari la majitaka. Nimekuja kunyonya choo."

Nikatafuta sauti, nikapata robo tu.

"Na X?"

"Ah, ile ni mimi. Nyumba za huku zinafanana sana. Jana jioni nilipita kuangalia njia, nikaona niweke alama nisije nikaingia kwa mtu asiyehusika. Kulikuwa na rangi imebaki ya kupaka bampa ya lori."

Jana jioni mimi nilikuwa sokoni, nikarudi giza limeshaingia, na mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Hakuna aliyemwona.

"Lakini nani amekuita?" nikauliza.

"Mimi."

Sauti ikatokea nyuma ya watu. Umati ukafunguka, na Baba Elisha akaonekana amekalia pikipiki ya mteja, mguu mmoja chini, uso wa mtu aliyekuwepo tangu kwenye "hatupingi maendeleo". Kumbe alikuwa amelifuata lori ili asimamie kazi.

"Mama Elisha, fidia gani hiyo watu wananipa hongera tangu njia panda?"

Nilikuwa natafuta uongo mzuri. Ningeupata, nilibakiza kidogo tu. Lakini mama mkwe akainuka kwenye kigoda chake, akasema kwa sauti ya kuita watu mlimani:

"Ya nyumba! Tena wewe ulikuwa usiambiwe mpaka fremu ilipwe. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya ng'ombe. Sasa nataka kujua, ng'ombe zangu ziko wapi?"

Jamani.

Watu walicheka, tena kile kicheko cha kushikana mabega. Fundi cherehani alikaa chini kabisa. Yule mama wa kwaya alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa huku anasema "pole, pole", na kila "pole" inatoka na kicheko. Nikamtafuta Mama Pendo kwa macho nikaona mgongo wake tu, anarudi kwake mbio. Nikasikia komeo la ndani.

Kilichoniokoa ni kazi yenyewe. Yule baba alifungua mfuniko, akaingiza bomba, akawasha mashine. Ndani ya dakika moja uani hakukuwa na mtu. (Kwa mara ya kwanza nililishukuru lile shimo.)

Baba Elisha akaingia ndani. Akasimama katikati ya sebule. Akaangalia ukuta huu, akaangalia ukuta ule. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Makochi?"

"Kwa Mama Pendo."

"Anayashona upya?"

"Nilimpa."

Akatikisa kichwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza injini ambayo ugonjwa wake bado hajaujua. Nikamletea soda moja kati ya zile. Akanywa nusu. Mimi nilikuwa nimesimama na kilemba changu, sijui nikivue au nibaki nacho.

"Jana nimepata hela ambayo sikuitegemea," akasema. "Kuna bosi mmoja wa madini nilimtengenezea pikipiki. Akanilipa, akaniongezea, akasema hii ya soda. Alivyoondoka nikahesabu, nikaona hii si ya soda. Nikakaa pale gereji nafikiria ninunue nini."

"Pikipiki," nikasema kimoyomoyo, nadhani na midomo ilicheza.

"Nikasema mama wa watu amelia na choo tangu masika. Ngoja nimshtukize."

Nilivua kilemba, nikatandika mkeka, nikakaa chini karibu yake, nikamwomba msamaha. Akasema yameisha. Halafu akaanza kucheka. Alianza taratibu, alipofika kwenye "nyumba ndogo ya wageni" ikabidi aweke soda chini. Na mimi ikabidi nicheke. Mama mkwe peke yake hakucheka. Yuko barazani, na anamuuliza kila anayepita bei ya ndama.

Sasa hivi Baba Elisha yuko nje anasugua X kwa brashi ya waya. Haitoki. Inazidi kung'aa. Mama Pendo nimemgongea mara mbili, nasikia redio, nasikia watu wakijigeuza kwenye makochi yangu, lakini mlango hafungui.

Kesho nipo sokoni kama kawaida, nguo za watoto zipo za kila saizi. Atakayecheka, bei inapanda buku.