Bustani Iliyofukizwa Udi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Alhamdulillahi, daftari yangu, kazi imekuja. Hoteli moja ya Ras Kitau yataka mtu wa kutunza bustani ya kuvutia nyuki, vipepeo na chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua kwa mdomo uliopinda. Bi Jerioth, meneja wao, atakuja hapa mtaani kwetu Wiyoni Jumamosi kukagua bustani mbili tu: yangu na ya jirani yangu, Bwana Husni. Penye wageni wengi wa mbawa ndipo atakapochukua mtu.

Baada ya Alasiri nimewatangazia msikitini kwamba kazi ni yangu. Inshallah nimeisema mwishoni, kwa sauti ndogo.

Kisha nimeyaondoa makopo ya mirehani ya mke wangu Hadia, nikayatupia nyuma ya jiko. Viua vyake ni vidogo kama chawa. Vinayaaibisha mawaridi yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mawaridi hayanuki. Mabogenvilia nayo hayajanuka tangu Mola ayaumbe. Lakini dawa nimeipata: udi. Arusi isiyo na udi nani huiendea? Nyuki naye ana pua yake. Nimewasha chetezo, nikafukiza shina moja moja huku nikimswalia Mtume.

Husni amechungulia juu ya ukuta akauliza, Bwana Famau, maua yanaolewa leo? Nikamwambia ndiyo, na wewe hukualikwa.

Hadia akasema warina asali hufukuza nyuki kwa moshi. Nikamweleza kwa upole kwamba ule ni moshi wa makuti. Nyuki ana sura yake ndani ya Kurani. Hawezi kuukimbia udi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyuki wote wako kwa Husni. Vipepeo pia. Chozi mmoja kapita juu ya bustani yangu mbio, kama apitaye kituo cha polisi. Husni ameniuliza kama nina wageni wengine wa kumletea.

Msikiti mzima wangoja Jumamosi. Nikikosa, nitaswalia wapi?

Nimekaa, nimefikiri, nimelijua kosa langu. Udi ulikuwa kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Vyetezo viwili tangu alfajiri, kimoja cha kuazima kwa dada yangu Ummu. Sikumwambia ni cha maua.

Upepo ukageuka. Moshi wote ukaruka ukuta, ukaingia kwa Husni. Bi Jerioth alipofika, Husni alikuwa akikimbizana na vipepeo wake kwa leso, akiwabembeleza warudi. Hakubaki hata nyuki mmoja. Nikamshukuru Mungu kimyakimya.

Kwangu, Bi Jerioth akakohoa mpaka machozi. Akauliza maziko ni ya nani. Akaomba maji, akaelekea jikoni kwa Hadia, na mimi nyuma yake nikimsifia waridi.

Nyuma ya jiko! Nyuki walijaa kwenye mirehani hata majani hayaonekani. Vipepeo juu yao. Chozi wawili wakigombania kopo moja. Hadia alikuwa amewawekea nyuki kisahani cha maji chenye vijiwe, wanywe wasizame. Bi Jerioth akamuuliza saa za kumwagilia, akamuuliza mbegu, akamuuliza kila kitu. Kisha akamwambia Bi Hadia, Jumatatu tunakungoja Ras Kitau.

Jumapili, 12 Oktoba

Ushindi, daftari yangu. Nimeingia msikitini kifua mbele. Husni kaniuliza nimeshinda nini, ilhali kazi ni ya mke. Nikamuuliza makopo yale ni nani aliyeyapeleka nyuma ya jiko. Na nyuki wako, Bwana, ni nani aliyewafukuza wakayafuate? Mimi ndimi niliyeipanga kazi yote, ingawa sikujua wakati naipanga.

Hadia kanishukuru kwa kuihamisha mirehani. Kisha akaniomba nisifike Ras Kitau mwezi mzima. Haya ya mwanamke, namwelewa.

Sitakwenda. Lakini bustani ya hoteli ni kubwa, maskini, na yeye ni mgeni kazini. Kikapu chake cha kesho nimeshamfungia. Chetezo kiko chini kabisa, chini ya leso, pamoja na barua ya kumweleza aanzie upande wa mawaridi.